Baba yupo, ada inalipwa, ila mtoto hampati: tuzungumze, wana Nyanda za Juu Kusini

#1 Mwalimu wa Mafinga (mleta mada)

Kamwene wana Iringa na Njombe, ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe, na wengine wote nawasalimu.

Kila tukizungumzia akina baba humu, mjadala unakimbilia kwa waliotoroka: aliyempa binti mimba akahamia Dar, aliyeoa mwingine akawasahau watoto wa kwanza. Hao wasemwe, na wasemwe sana. Leo naomba tuwazungumzie akina baba ambao hakuna anayewalaumu. Analala nyumbani. Ada analipa mapema, mahindi yapo stoo, nyumba ina bati jipya. Halafu mtoto wake wa miaka kumi ukimuuliza baba anapenda nini, anakutazama tu, kwa sababu hajui.

Mimi ni mwalimu wa malezi shuleni, na watoto wa namna hii nakutana nao kila muhula. Mtoto akishikwa na homa darasani nikamwambia nampigia baba aje kumchukua, ananiomba nimpigie mama, hata kama mama yuko mbali na baba yupo hapo sokoni. Wala si kwamba baba ni mkali. Wengine hawajawahi kupigwa na baba hata mara moja. Hawajui tu waanzie wapi kuzungumza naye.

Ninachoamini ni kwamba baba anamjenga mtoto kwa kumjibu. Mtoto mchanga akilia, unageuka. Wa miaka mitatu akikuletea gari lake la udongo, unaliangalia, unamuuliza linabeba nini. Wa miaka tisa akiuliza kwa nini ng'ombe anacheua, unamjibu, au mnakwenda kumtazama wote. Hela haiwezi kuifanya kazi hiyo, hata iwe nyingi kiasi gani.

Si maoni yangu peke yangu. Wataalamu wa saikolojia ya watoto kwa muda mrefu walimtazama mama tu. Daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu madhara ya mtoto kukosa malezi ya mama, na humo baba alionekana zaidi kama wa kumhudumia mama na kumtia moyo. Kisha mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson wakachapisha utafiti wao wa Glasgow, Uskoti. Walifuatilia watoto wachanga 60 wa familia za wafanyakazi wa kawaida, wakiwatembelea majumbani. Watoto wale walipofika miezi 18, takribani robo tatu walikuwa wameshikamana na baba zao pia: baba akiaga, mtoto analia. Na hapa ndipo pa kutulia. Mtoto hakushikamana lazima na mtu aliyeshinda naye saa nyingi kuliko wote. Alishikamana na yule aliyezielewa ishara zake na kuziitikia upesi.

Msiseme ni mambo ya Ulaya. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake juu ya kushikamana kwa mtoto na mzazi inafundishwa vyuo vyote vya saikolojia, alianzia Uganda katikati ya miaka ya 1950, vijijini karibu na Kampala, na huko huko aliona kuwa mtoto anaweza kumshikilia baba, si mama pekee. Na hapa kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, Martin Muller na wenzake mwaka 2009 walitoa matokeo ya kupima testosteroni, homoni ya kiume, kwa wanaume wa Kihadza na wa Kidatoga. Wahadza, ambao baba anambeba mtoto na usiku analala karibu naye, walikuwa na kiwango cha chini wakishakuwa na watoto kuliko wale wasio na watoto. Wadatoga, ambao kumlea mtoto mchanga kumeachiwa akina mama, hawakuonyesha tofauti hiyo. Ina maana mwili wa mwanaume unabadilika kumfuata mtoto, lakini kwa yule anayemshika. Anayesema mwanaume hakuumbwa kulea, aende Eyasi.

Kuna na jambo ambalo akina baba wengi hulifanya bila kufundishwa: kumrusha mtoto juu na kumdaka, kupigana naye mieleka kwenye mkeka, kumwacha apande mti huku umesimama chini. Daniel Paquette wa Montreal, Kanada, ameandika sana juu ya hili. Mchezo wa vurugu kidogo wenye mipaka unamfundisha mtoto kuthubutu, na pia kujizuia: msisimko unapanda, baba anasema basi, mtoto anatulia. Mtoto anayeupata mchezo huo kwa baba mwenye upendo anakuja shuleni akijua kusukumana bila kuumizana. Mimi namwona uwanjani wakati wa mapumziko.

Nitaje na la mwisho, linaniumiza kama mtu wa Iringa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha Iringa inaongoza kwa udumavu nchini, asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano, na Njombe inafuata kwa 50.4, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayolisha wengine! Udumavu ni ubongo pia, si urefu tu. Na kwenye nyumba nyingi ninazozijua, anayeamua maziwa yauzwe yote au yabaki lita moja, mayai yaende mnadani au yaliwe, ni baba. Halafu semina ya lishe wanaitwa akina mama.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 Mama Ilemi

Asante mwalimu, umegusa nyumbani kwangu. Mume wangu yuko Chunya kwenye machimbo, anarudi Mbeya kwa msimu. Simlaumu, anatuma hela ya matumizi na ya kutolea juu. Lakini mtoto wetu mdogo simu ikilia ananiambia, "Mama, baba ameingia." Anamaanisha hela imeingia. Nilicheka siku za mwanzo, siku hizi nasikia vibaya.

#3 Dereva Tunduma

Mwalimu, huu uzi nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya malori. Mimi natoa mzigo Dar napeleka Lubumbashi. Mpaka nishushe na nirudi, mwezi umekatika, na nyumbani Mbalizi nalala siku mbili tatu. Sasa mtu kama mimi unanipa matumaini gani? Niache gari nikalime? Usinijibu kwa lugha ya semina, nijibu kama kaka yangu.

#4 Mwalimu wa Mafinga

Kaka, gari usiache. Rudi kwenye ule utafiti wa Glasgow: kinachomfunga mtoto kwako ni namna unavyomwitikia ukiwa naye, zaidi ya wingi wa saa. Kwa mtu wa barabara hiyo ni habari njema.

Simu ya kumsalimia mama halafu "mpe mtoto nimsikie" haifiki mbali. Mtoto anasema shikamoo, anasema shuleni kuzuri, anarudisha simu. Mpigie yeye. Na umpigie kwa jambo ulilolikumbuka kutoka kwake: "Juzi uliniambia mmepanda maharage shuleni, yameota?" Mtoto akigundua kwamba baba alikuwa Kapiri Mposhi na bado alikumbuka maharage yake, anajua ana nafasi kichwani mwa baba. Msimulie na wewe safari yako. Mwambie uko mji gani, mvua inanyesha au jua kali, umekula nini. Na ukisema utapiga Jumamosi, piga Jumamosi hata kama ni dakika tatu, maana ahadi ndogo ya baba mtoto anaihesabu kuliko tunavyodhani.

Siku zako mbili za nyumbani zisiishie gereji na baa, naomba sana. Osha gari na mwanao. Mpandishe kwenye kiti chako, mwonyeshe gia.

Mama Ilemi, dada yangu, na huyo wa Chunya apige simu siku ambayo hajatuma hela. Makusudi kabisa.

#5 Mzee wa Lwangwa

Wanangu, nimesoma. Mimi ni Mnyakyusa, nimezaliwa kabla ya Uhuru. Zamani sisi mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi alitoka kwa baba, akaenda kujenga kibanda na wenzake wa rika. Mwana hakuzoeana na baba kama mnavyotaka ninyi, na ilikuwa heshima. Mbona hatukuharibika kisaikolojia? Naona mnaleta malezi ya kwenye televisheni.

#6 Mwalimu wa Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelileta, nilitamani mtu wa Rungwe aliseme.

Vijiji vya rika vilikuwepo, na Godfrey na Monica Wilson waliviandika walipokaa Rungwe miaka ya 1930. Lakini tukivitazama vizuri, kijana yule alilala na wenzake, akirudi kula kwa mama zao, na shamba alilolima lilikuwa la baba yake. Kabla ya hapo alichunga ng'ombe wa baba. Baba alikuwa umbali wa mtu kusikia akiitwa. Na kijiji kizima kilikuwa na wanaume wazima waliomjua kijana yule ni mtoto wa nani. Leo tumebakiza ile sehemu ya baba kutozoeana na mwana, na tumepoteza shamba la pamoja, rika na wazee waliokuwa wanamtazama. Mtoto wa Uyole au Makambako leo akikosa baba wa kuzungumza naye, anakutana na simu na vijana wa kijiweni.

Na mzee, nikuombe unisahihishe kama nakosea: ukimya mwingi wa akina baba zetu haukutoka kwa mababu. Ulikuja na kazi za mbali. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta wanaume miaka ile ile ya 1930. Wengine wakasajiliwa kwenda migodi ya Afrika Kusini, mpaka Serikali ilipokomesha mambo hayo mara baada ya Uhuru. Kwetu huku Wabena na Wakinga walikwenda mkonge, Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mwanaume alirudi baada ya miaka na blanketi, baiskeli na mtoto asiyemjua. Akawa mgeni wa heshima nyumbani kwake. Mwanawe akajifunza kwamba baba ni mtu anayeleta vitu na kukaa kimya, naye alipokua akawa hivyo hivyo. Huo ni urithi wa manamba, na hatulazimiki kuuendeleza.

#7 Mzee wa Lwangwa

Marahaba mwanangu. Hilo la Afrika Kusini ni kweli, baba yangu alikwenda. Alirudi nikiwa namwogopa. Endelea.

#8 Binti Makambako

Mimi nitapinga kidogo, mnisamehe. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Mama alitulea watoto wanne kwa kuuza mbogamboga stendi, na wote tumesoma, mmoja ni daktari. Kila nikiona nyuzi kama hizi naona kama mnatuambia sisi tuna kasoro kichwani. Njombe hii, mnajua ni nyumba ngapi hazina baba kwa sababu ya ugonjwa?

#9 Mwalimu wa Mafinga

Dada, pole, na hongera kwa mama. Hukukosea kupinga.

Mkoa wako ndio wenye maambukizi ya VVU makubwa kuliko yote Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa kitaifa wa 2022/23, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Tunazungumza juu ya watoto ambao hawakuachwa na mtu kwa hiari yake. Na watafiti wa Marekani waliochambua tafiti nyingi, Sara McLanahan na wenzake mwaka 2013, waliona kwamba kukosekana kwa baba kunaonekana zaidi kwenye tabia za fujo za mtoto na afya ya akili ukubwani. Kwenye akili ya darasani, alama za mitihani, ushahidi ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo ninyi wanne kufaulu si muujiza. Kifo nacho si sawa na kutelekezwa. Mtoto wa marehemu anaambiwa baba yako alikupenda, na anaamini. Aliyetelekezwa anajiuliza nina kosa gani.

Kingine ambacho tafiti zinakirudia ni kwamba ugomvi wa wazazi unamuumiza mtoto hata kama wote wako ndani. Mama mmoja mwenye amani nyumbani ni bora kuliko baba na mama wanaorushiana sahani. Ninalotaka ni aliye hai na yupo, asijihesabu kama kamaliza kazi. Na pale ambapo baba hayupo, mjomba, babu, kaka mkubwa, hata mwalimu, wasogee. Kwenu nani alisogea?

#10 Binti Makambako

Babu mzaa mama. Alikuwa anatusindikiza shule siku za ukungu, ule wa asubuhi usiomwona mtu mbele. Sasa nimekuelewa, mwalimu.

#11 Muuguzi wa Zahanati

Nachangia kutoka kliniki ya wajawazito. Akina baba wengi wanakuja siku ya kwanza kwa sababu ya kipimo, basi. Wakishapimwa hatuwaoni tena mpaka siku ya kujifungua, na hapo wanasimama getini. Na sisi watoa huduma tuna sehemu yetu: baba akiingia na mtoto mgongoni tunamuuliza "mama yuko wapi?" kana kwamba kaiba. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya siku tatu mtoto akizaliwa. Siku tatu! Na aliye kibarua kwenye chai au kupasua mbao hana hata hizo.

Naomba tukumbuke na kitu kisichosemwa, baba naye anaweza kuugua sonona mtoto akizaliwa. Utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Paul Ramchandani, mwaka 2005, uliona kwamba watoto ambao baba zao walikuwa na sonona wiki za mwanzo baada ya uzazi walikuwa na matatizo zaidi ya hisia na tabia walipofika miaka mitatu na nusu, hasa wa kiume. Huku kwetu baba wa namna hiyo hatumpimi. Tunasema siku hizi kazidisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ukiona kijana aliyepata mtoto amebadilika, halali, haongei, mlete kituoni.

#12 Kijana wa Ipogolo

Mwalimu, gusia na ile ya "subiri baba yako arudi." Mimi nimekulia hiyo. Nikisikia pikipiki ya mzee inakata kona, nakimbilia chumbani hata kama sina kosa.

#13 Mwalimu wa Mafinga

Kijana, umegusa kidonda, na hapa nitakaa kidogo.

Akina mama, dada zangu, nawaomba kwa heshima. Mtoto kamwaga maziwa saa nne asubuhi, hukumu inangoja saa kumi na mbili jioni. Siku nzima mtoto anaishi na hofu. Baba anafika kachoka, hajui chochote, anakabidhiwa fimbo kabla ya kukabidhiwa salamu. Fanya hivyo miaka mitano, umemtengenezea mtoto mwili unaokakamaa kila akisikia hatua za baba. Baba mwenyewe anashangaa kwa nini watoto wanakimbilia chumbani, anadhani ni adabu. Ni hofu ile. Na mtoto aliyezoea kumwogopa baba hawezi kumwambia baba siku akishikwashikwa na mtu mzima njiani. Hilo nimekutana nalo kazini, na sitaki kueleza zaidi hapa.

Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni sisi tulio humu. Tunajua ilivyo.

Baba, wewe pia unaweza kuikataa kazi hiyo. Ukifika umwambie mama, "kosa la asubuhi limalizeni asubuhi, mimi nipe watoto wangu." Kaa kwanza. Wakukute umekaa. Kama kuna kosa kubwa kweli, lisikilize baada ya kula, mbele ya mtoto, naye apewe nafasi ya kueleza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kisha inataja na mwongozo, na haki ya kucheza na kupumzika. Wengi tumesomea ile nusu ya kwanza tu. Serikali yenyewe kwenye programu jumuishi ya malezi na makuzi ya awali, ile iliyoanza 2021/22 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, imeweka malezi yenye mwitikio kama nguzo mojawapo. Kwa hiyo ukimjibu mtoto wako hujawa mlaini.

#14 Dereva Tunduma

Nimevuka, niko Nakonde. Mwalimu, wa kwangu mkubwa ni wa kiume, ana miaka kumi na tatu. Hayo ya maharage na kuosha gari yatamfaa mdogo. Huyu mkubwa nikiingia anatoka. Nikimuuliza kitu, "ndiyo", "hapana". Nimeshachelewa?

#15 Mwalimu wa Mafinga

Hujachelewa, ila utaanza kwa njia nyingine.

Usimwite sebuleni ukamkalisha. Kijana wa umri huo ukimtazama usoni na kumuuliza "una shida gani na mimi" anafunga mlango. Tafuta kazi ya mikono miwili ambayo mnaifanya mkiwa mmetazama upande mmoja: kupasua kuni, kubadilisha tairi, kuchimba viazi vya mama yake. Mwombe akusaidie kweli, si kwa kumpa amri. Kaa kimya nusu ya kwanza. Usiulize matokeo ya shule, kila mtu anamuuliza hayo. Msimulie kitu cha kwako ulipokuwa na umri wake, kitu ambacho hakina funzo ndani yake. Akijibu maneno matatu siku hiyo, chukua hayo matatu, usiyavute.

Na akikuambia jambo baya, labda kafeli, labda kaanza kunusa gundi, labda ana hasira na wewe kwa miaka uliyokosekana, usilipuke. Mwambie umesikia. Kama ana hasira na wewe, usianze kujitetea kwa ada na chakula. Anajua kuhusu ada. Anakuambia juu ya kitu kingine.

Shule zinafunga Juni. Kama kampuni yako inaruhusu na karatasi zake zipo, mchukue safari fupi ya Dar na kurudi, mlale njiani Mikumi au Ilula, ale chakula cha madereva na aone kazi yako ilivyo. Kama hairuhusu, basi zile siku mbili zako za Mbalizi, moja iwe yake peke yake, mdogo abaki na mama. Ukirudi, njoo utuambie hapa amesema nini.

#16 Dereva Tunduma

Sawa kaka. Juni nitamwombea ruhusa kwa bosi. Kesho jioni nikipata mtandao nampigia yeye, si mama yake.